Shavu la Kushoto la Bibi Lusia

Picha ya ukutani niliichora mimi. Nimeanza na hilo makusudi, kabla sijapata nafasi ya kutafuta kisingizio, maana mtu aliyesoma hadi chuo kikuu hakosi kisingizio. Ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa, ingawa huko hukiita utangulizi. Kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano nimekana. Nilikana mbele ya Mwalimu Mkuu, nikakana mbele ya mama yangu, na nilipokua nikawa mchoraji wa kualikwa na kukabidhiwa maikrofoni, niliendelea kukana kwa njia za kistaarabu zaidi. Lakini pua haijui kukana. Hadi leo nikipita mahali wanapopaka chokaa, ile harufu yake kali na ya baridi, kama ya mvua juu ya jiwe, hunirudisha Mtawanya, kwenye ukuta wa madarasa ya shule yetu, msimu wa korosho nilipokuwa na miaka kumi. Na chini ya harufu hiyo hutokea nyingine, nzito zaidi: harufu ya mbegu za mbarika zinazoungua.

Mtawanya ya siku hizo ilikuwa pembeni kabisa mwa mji wa Mtwara, mahali ambapo nyumba zilichoka kufuatana na mikorosho ikachukua zamu. Kuanzia mwezi wa kumi hewa yote ilinuka mabibo, yaliyoiva na yaliyooza pamoja, na nyuki walikuwa wengi kuliko watoto. Baba alikuwa amehamishiwa bandarini kutoka Njombe, na mama akapewa darasa la nne katika shule ya jirani, niliyosoma mimi pia. Tulikuwa watu wa kuja. Hakuna aliyetutukana kwa hilo, lakini hakuna aliyelisahau pia, hasa tulipofungua midomo na Kiswahili chetu cha bara kikatoka kimenyooka kama kimepigwa pasi. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Bibi Lusia na mjukuu wake Rosalina, ambaye tulikuwa darasa moja. Bibi Lusia alikuwa Mmakonde wa Msumbiji. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, pamoja na wazazi wake waliokuwa wakikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno, na usoni mwake alibeba nembo za kwao: michanjo iliyopangwa mashavuni kama mapaa ya nyumba, safu juu ya safu, myeusi yenye rangi ya bluu kwa mbali, kama wino uliozama.

Mama yangu aliziona nembo zile akasema maskini, jinsi walivyomuumiza. Mimi niliziona nikafikiri kwamba huyu ni mtu wa kwanza niliyemwona ambaye uso wake umekamilika. Sisi wengine tulikuwa bado karatasi tupu. Sikulisema hilo nyumbani. Mama alikuwa mwalimu, na mwalimu akisikia wazo hulisahihisha.

Bibi Lusia alifinyanga vyungu. Kila alasiri baada ya shule tulikaa naye uani, Rosalina upande wake wa kushoto, mimi upande wa kulia. Hakuna aliyetupangia, ila mjukuu alikuwa na mahali pake na mgeni akachukua palipobaki. Chungu kikishakauka kidogo, kabla ya kuchomwa, Bibi alichukua mwiba akakichanja shingoni mistari ileile ya mapaa ya nyumba. Vyungu vya kupikia aliviacha hivyo. Lakini vile vya kuwekea maji, vilivyokwisha kuchomwa na kupoa, alivifanyia kazi ya pili. Alikaanga mbarika kwenye kigae hadi zikaungua zikawa makaa, akazisaga juu ya jiwe, na kwa kuwa mbarika ni mafuta matupu, unga wake haukuwa unga bali uji mweusi unaong'aa. Uji huo aliusugua kwa kidole gumba ndani ya michanjo ya chungu, kisha akafuta juu kwa kitambaa. Udongo ulirudi kuwa mwekundu, na mistari ikabaki pale ndani, myeusi, kana kwamba ilizaliwa na chungu.

Siku moja nilishika kipande cha mkaa wa jikoni nikachora kuku juu ya kigae kilichovunjika. Nilikuwa najivunia yule kuku. Bibi alinitazama, akapitisha kiganja juu yake mara moja, na kuku akatoweka, akabaki wingu.

"Unaona, ntoto wa Mwalimu," alisema. Alizungumza Kiswahili chake cha Kimakonde, ambamo mtoto alikuwa ntoto na mkaa ulikuwa nkaa. "Nkaa ukipaka unakaa juu kama mgeni. Upepo ukija, unaaga. Kwanza chanja. Halafu sugua. Ukisugua, nkaa unakuwa mwenyeji."

"Na usoni mwako walifanya hivyohivyo, Bibi?"

"Hee! Mimi unafikiri nilizaliwa nimeandikwa?" Alicheka hadi akalazimika kuweka chungu chini. "Shangazi yangu alinichanja. Akapaka nkaa wa mbarika huuhuu. Nililia mto mzima ukasikia."

Rosalina, kutoka upande wake wa kushoto, aliniambia nisimsumbue bibi yake na mambo ya zamani, kisha akanirushia tonge la ugali wa jana. Halikuwa tusi. Ugali baridi ndio uliokuwa kifutio chetu. Ukiubonyeza juu ya vumbi la mkaa unalinyonya vizuri kuliko raba ya dukani, na ukikosa adabu zaidi, unaula. Hadi leo nina tonge la ugali mezani ninapofanya kazi. Sili tena, lakini sitoi ahadi.

Katika msimu huohuo shule yetu ilitangaziwa kwamba atakuja mgeni rasmi. Mgeni rasmi wa nini sikumbuki, na nadhani hata walimu hawakuwa na uhakika, lakini uwanja ulifagiliwa, mawe yakapangwa pembezoni mwa njia, na ukuta wa madarasa ukapakwa chokaa hadi ukaumiza macho. Rosalina akachaguliwa kumpa mgeni maua. Ilikuwa heshima kubwa, na Rosalina, ambaye hakuwa na tabia ya kufurahi mbele za watu, alitembea siku tatu akiwa na mikono mbele, akifanya mazoezi ya kushika kitu kisichokuwepo. Bibi yake alitoa kitambaa cheupe kutoka kwenye sanduku ili kishonwe gauni.

Jumamosi mama alikwenda ofisini kusahihisha madaftari akanichukua. Nilikuwa na kifuu cha uji wa mbarika ambacho Bibi alinipa nichezee. Nilizunguka nyuma, nikarudi mbele, nikasimama. Wanaojua watanielewa: ukuta mpana, mweupe, haujaguswa, na hakuna mtu. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuweka pale kitu kizuri kuliko vyote nilivyovijua, na kitu hicho kilikuwa uso wa Bibi Lusia. Nilichukua msumari nikachanja, kisha nikasugua kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa. Shavu la kulia nililijua kwa moyo: safu nne. La kushoto nililinakili kutoka la kulia, kwa kuwa darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba uso wa mtu ni nusu mbili zinazolingana. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua kumi, nikaona ni kazi nzuri. Naomba radhi kwa wote niliowahi kuwaambia kwamba mchoraji wa kweli haridhiki kamwe. Niliridhika sana.

Jumatatu nilisikia kicheko kabla sijafika uwanjani. Shule nzima ilikuwa mbele ya ukuta.

"Rosalina! Bibi yako kahamia shule!"

"Amekuja kuandikishwa darasa la kwanza!"

"Mpisheni, asije akatufinyanga!"

Rosalina alifika na mikono yake mbele, akaona, akaiteremsha. Mwalimu Mkuu alipiga kengele mwenyewe. Hakuuliza sana. Nembo zile, alisema, hakuna mtoto anayeweza kuzijua hivyo ila anayelala nazo nyumba moja. Rosalina alisema, "Sio mimi, Mwalimu," mara moja tu. Kisha akasogea karibu na ukuta, akautazama kwa muda mrefu, upande mmoja wa uso kuliko mwingine. Akageuka, akanitazama mimi. Nilitazama viatu vyangu. Mwalimu Mkuu aliuliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Mama yangu alikuwa amesimama na walimu wenzake, na kwenye kidole gumba changu, ndani ya mfuko wa sketi, mafuta ya mbarika yalikuwa bado hayajatoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha kidole.

Adhabu ya Rosalina ilikuwa kuchota maji kisimani, kuosha ukuta, kisha kupaka chokaa upya. Na hapo ndipo ufundi wa Bibi ulipojionyesha. Chokaa haishiki kwenye mafuta. Rosalina alipaka, ikakauka, ikabanduka palepale penye michanjo, na uso ukarudi. Akapaka tena, ukarudi. Siku ya tatu alikuwa anapaka bila kutazama, kama mtu anayempaka mafuta mtoto asiyetulia. Nilisimama mbali, nikijiambia kwamba kesho nitasema. Kesho ni neno zuri sana kwa mwoga, halijawahi kumkosa.

Siku hiyohiyo Bibi Lusia alikuja. Hakuitwa. Alivuka uwanja na kanga yake ya kazini, udongo ukiwa bado mikononi, akasimama mbele ya uso wake. Aliinua kidole akakigusa kile kilichochorwa kwenye shavu la kushoto, safu ya juu kabisa, akakifuatisha mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini akianza kumwomba radhi kwa usumbufu, na Bibi akamkatisha kwa sauti ya kawaida, kama anayejadili bei ya chungu.

"Aliyefanya kazi hii ana nkono mzuri," alisema. "Lakini hanijui."

Kisha akachukua ndoo kutoka mkononi mwa Rosalina, akaenda naye kisimani.

Siku ya mgeni maua yalihitaji mtu. Walimu walishauriana, wakaona mtoto wa Mwalimu ana soksi nyeupe. Niliyapeleka maua yale mimi. Mgeni rasmi alipoinama kuyapokea, nyuma ya bega lake, kupitia tabaka nne za chokaa, nembo za Bibi Lusia zilikuwa zinatoka polepole juani. Nadhani tulikuwa watu wawili tu uwanjani tulioziona, mimi na Rosalina, aliyekaa mstari wa nyuma na gauni lake jipya. Baada ya hapo hatukugombana. Ingekuwa heri tungegombana. Niliacha tu kwenda uani kwao, kwanza siku moja, kisha wiki, na mwaka uliofuata baba akahamishwa tena. Hatukuagana.

Nikawa mchoraji, na hili nalo acha nilikiri lote. Picha zangu ninazichora kwa mkaa, lakini si mkaa wa kupaka. Nachukua karatasi ngumu ya mifuko ya saruji, naipaka gundi ya unga wa muhogo, naiacha ikauke hadi iwe kama ngozi ya ngoma. Naichanja kwa sindano na wembe. Nasugua mkaa wa mbarika kwa kidole gumba, nafuta juu, nasugua tena. Penye kivuli naweka utomvu wa ganda la korosho, ambao unaunguza vidole usipouheshimu. Penye mwanga naacha karatasi ijisemee. Pengine napaka udongo mwekundu ninaouchota Mpapura kwa rafiki mwenye shamba, ambaye hadi leo anaamini nina ugonjwa fulani. Mwanga wa kukosea naurekebisha kwa tonge la ugali. Mchanjo hausahihishwi na chochote, kwa hiyo kabla ya kuchanja nakaa sana. Wanafunzi wangu huniona nimekaa wakadhani natafakari. Naogopa tu, na ninaona ni woga wenye faida. Nimeuamini utaratibu huu maisha yangu yote na haujaniangusha.

Lakini kila nilipoulizwa nimeutoa wapi, nilijibu kwamba ni ufundi wa Ulaya wa kuchora juu ya bati la shaba na kusugulia wino, niliojifunza chuoni nikaugeuza kidogo. Ni kweli chuoni walitufundisha kitu cha namna hiyo. Nilikifaulu vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimeshakijua tangu nikiwa na miaka kumi. Nisingeweza kumtaja Bibi Lusia bila mtu kuuliza swali la pili, na swali la pili lingenipeleka ukutani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa nimeiacha Mtawanya.

Mwaka huu nimealikwa kuonyesha picha zangu Mtwara, mara ya kwanza nyumbani, kama naruhusiwa kuiita hivyo. Nikaamua picha ya katikati iwe uso wa Bibi Lusia, mkubwa kama mlango. Niliuchora kwa miezi mitatu. Ulipokaribia kwisha nilijua siwezi kuutundika kabla sijamwambia Rosalina, na kwamba akisema usitundikwe, hautatundikwa. Nikaenda Mtawanya. Mikorosho imerudi nyuma mbali, nyumba zina mageti, na vijana wanazungumza habari za gesi ya Mnazi Bay kama baba zao walivyozungumza habari za bei ya korosho, kwa matumaini yaleyale na malalamiko yaleyale. Ukuta wa shule sasa una rangi ya mafuta, njano na kijani. Niliupapasa mahali pale. Sitasema nilihisi nini. Huenda ni plasta tu. Pale ilipokuwa nyumba ya Bibi nilimkuta mwanamke anauza vyungu, akaniambia ni binti wa mdogo wake Rosalina. Bibi alifariki zamani. Rosalina analima Kitaya, kando ya Ruvuma. Akanipa namba, naye akachukua yangu. Niliiweka kwenye mkoba, na kwa wiki tatu mkoba ule ukawa mzito kuliko nilivyoweza kueleza.

Hatimaye simu ililia yenyewe, Alhamisi asubuhi, nikiwa mbele ya picha, vidole vyeusi. Namba nisiyoijua.

"We mtoto wa Mwalimu," sauti ilisema, bila salamu. "Nasikia unatembea na namba yangu mkobani kama hirizi."

Nilikaa chini, juu ya mfuko wa udongo.

"Shikamoo," nilisema, kwa kuchanganyikiwa.

"Shikamoo nini na tumezaliwa mwaka mmoja! Subiri nipande kwenye kichuguu, hapa simu inanikaribisha Msumbiji." Nilisikia pumzi, majani, kuku. "Haya. Sema."

"Rosalina, ile picha ya ukutani niliichora mimi."

"Najua."

"Na nilinyamaza. Ukaosha ukuta, na maua yako nikayapeleka mimi."

"Na soksi zako nyeupe. Najua. Nilijua Jumatatu ileile."

"Ulijuaje?"

"Shavu la kushoto. Uliweka safu nne. Bibi alikuwa na tatu. Shangazi yake alimchanja safu moja kila msimu, na hakumaliza. Walivuka mto usiku wa kukimbia, shangazi akabaki ng'ambo. Kwetu aliyeanza kukuchanja ndiye anayekumalizia. Waliomtaka wammalizie huku aliwakataa wote. Alisema safu ile ina mwenyewe, akivuka ataikuta inamsubiri. Mtoto wa nyumba ile asingekosea. Mimi nilikuwa nalala upande wa shavu lile."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwanzo nilikungoja wewe. Siku ya tatu nilitaka kusema. Bibi akanikataza, kule kisimani. Alisema, 'Nwache, atakuja kusema mwenyewe.' Nadhani alitarajia uje jioni ileile." Akacheka, kicheko cha bibi yake kabisa, cha kuweka chungu chini. "Umechelewa kidogo."

Nilimwambia kuhusu picha. Nilimwambia ukubwa wake, mbarika, udongo, na kwamba akikataa nitaikunja.

"Huyo mpya," aliuliza, "shavu la kushoto lina safu ngapi?"

Sikuwa na haja ya kutazama. Nilitazama hata hivyo. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba kazi yangu ni kuona.

"Nne," nilisema.

"Futa moja."

"Haifutiki, Rosalina. Imechanjwa, na mafuta yameingia. Bibi yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Basi kata. Kata karatasi, paache wazi."

Nilichukua wembe. Nilibana simu kwa bega, nikaweka kidole gumba kwenye safu ya juu ya shavu la kushoto, mahali palepale alipoweka yeye kidole chake siku ile, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikukaa kwanza. Karatasi ya saruji iliyokauka na gundi hukatika kwa sauti, kama kitambaa kipya. Kipande kilianguka miguuni. Kwenye shavu pakabaki uwazi mwembamba, na nyuma yake ukuta wangu.

"Nimesikia," alisema Rosalina kutoka kichuguuni. "Sasa ndiye. Mtundike. Ukimaliza uje huku Kitaya na ndoo. Kisima kiko mbali, na mimi maji yangu nilishachota."